Samaki ya Ndani ya Samaki

Mwaka 1987, nikiwa na miaka kumi na saba, ndipo shida yangu ilianza, na ilinikuta na kisu mukononi. Sitaandika juu ya baba yangu wala juu ya kilima tulichotoka kule Masisi. Aliyekuwa na baba na kilima anajua, na asiyekuwa navyo hatajua kwa sababu mimi nimeandika. Ninaandika kwa sababu wiki iliyopita tulimuzika Mama Kavira, aliyenikodisha chumba mwaka ule, na kwenye matanga watoto wake walisimama mumoja mumoja wakasema alikuwa mwanamuke wa sala, mwanamuke wa amani. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki, nikasikiliza. Mama Kavira hakuwa mwanamuke wa amani. Alikuwa mwanamuke wa kufuli. Alifunga jiko kwa kufuli, alifunga pipa la maji kwa kufuli, na chumvi yake alilala nayo. Mwaka ule nilimuogopa kuliko nilivyoogopa askari, na kuna siku moja ya mwaka ule ambayo watoto wake, waliokuwa mbali wakati ule, hawaijui vizuri, kwa sababu sisi wawili hatukuwahi kuisimulia yote.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya nyumba yake, mutaa wa Katoyi hapa Goma, cha mbao, na chini yake mawe meusi ya volkano yaliyopigwa nyundo mpaka yakakubali mukeka. Ubao uliotutenganisha ulikuwa na nafasi ya kupitisha kidole. Nilisikia kila neno lake, na yeye alisikia kila kikohozi changu. Siku ya tatu baada ya kuhamia nilimusikia akiongea na jirani aliyekuja kuomba moto. "Ule musichana wa frigo," akasema, "kucha zake umeziona? Nyeusi." Jirani akasema, "Ni damu ya samaki, Mama." Akajibu, "Tangu lini damu ya samaki ni nyeusi? Watu wanaficha vitu ndani ya kucha." Nilitazama vidole vyangu, nikavificha chini ya mapaja kama vile alikuwa ananiona.

Kila mutu wa kwetu anaelewa alichokuwa anasema. Dada yake Mama Kavira alikunywa glasi moja ya pombe ya ndizi kwenye sherehe kule Butembo, akarudi nyumbani, akakufa mbele ya jogoo kuwika. Karuho, walisema, ile sumu ya watu, inayoishi chini ya ukucha na kudondoshwa mutu akigeuka. Mimi sijui kama iko au haiko. Najua kwamba watu walichomwa nyumba kwa sababu yake, na wengine hawakupata nafasi hata ya kuuliza wamefanya nini. Ndiyo sababu hapa kwetu mutu akikupa chakula anaonja kwanza, mbele ya macho yako, anameza, halafu ndipo wewe unanawa mikono. Wageni kutoka mbali wanafikiri ni heshima. Si heshima. Ni woga uliofundishwa adabu. Kwa miezi munane Mama Kavira hakupokea kwangu hata kiazi. Nikimuletea kitu alisema, "Weka pale," na kesho yake nilikikuta pale.

Kazi yangu ilikuwa Birere, mutaa wa maduka, kwa Patroni, mutu wa Butembo mwenye tumbo kubwa na sauti ndogo. Alikuwa na chumba cha baridi, ndiyo frigo yenyewe, na jenereta iliyokohoa kama muzee. Sisi Goma tuna ziwa, na ziwa lina sambaza, samaki ndogo kama kidole, tunayoikula nzima na kichwa na tumbo. Lakini Patroni aliuza samaki ya bahari. Tomson katika kartoni, makayabu yenye chumvi, na mara moja moja samaki kubwa zilizoletwa nzima kwa ajili ya harusi za wakubwa. Zilitoka Mombasa kwa lori, zikipita nchi mbili. Mimi nilikuwa mukataji. Nilifika darasa la tatu tu, na shuleni walinifundisha kuandika jina langu, Bahati, na kuogopa mwalimu. Mengine nimeyasoma matumboni.

Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Pale kwa Patroni kulikuwa na desturi, nami niliikuta: kinachopatikana ndani ya tumbo ni cha mwenye kisu. Ukipasua samaki kubwa, ukakuta ndogo ambayo haijaharibika, unasema kwa sauti, "Ya ndani ni ya kisu," watu wote wasikie, halafu unaiweka kando. Hakuna aliyekuuliza. Nyama niliyokula mwaka ule karibu yote ilikuwa imeliwa mara moja na mwingine kabla yangu. Na mutu akipasua matumbo mia, anaanza kuona utaratibu. Ndani ya tomson nilikuta kitu kama uji mwekundu, na ndani ya uji macho, macho madogo meusi kama mbegu za ulezi. Ndani ya samaki yenye urefu wa mukono nilikuta tomson. Sikuwahi kukuta kinyume chake. Nilifikiri nimegundua jambo ambalo hakuna mutu analijua.

Aliyeniambia kwamba linajulikana alikuwa Athumani, shofere wa lori la Mombasa, mutu mwembamba mwenye kofia nyeupe, mutoto wa muvuvi. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama kamba iliyofungwa kwenye miti miwili. Siku moja alinikuta nimepanga vya tumboni kwenye kifuniko cha kartoni, akachuchumaa.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Naangalia nani anakula nani."

Alicheka mpaka akashika goti. Halafu akapanga upya, kwa uzito, kama mutu anayepanga mawe ya msingi. "Hapa chini kabisa acha wazi. Hapo pana majani ya bahari, madogo hata jicho haliyaoni, chakula chao jua. Halafu hawa wadudu wako wekundu, wanakula majani. Dagaa anakula wadudu. Kibua, huyu mnayemwita tomson, anamla dagaa akimpata. Songoro anamla kibua. Papa, yule mwenye meno, anamla songoro. Kila mmoja ana ngazi yake."

Patroni alikuwa amesimama mulangoni. "Na juu ya ule mwenye meno?"

"Mwenye mashua."

"Na juu ya mwenye mashua?" nikauliza mimi.

Athumani akamutazama Patroni toka kichwa mpaka tumbo. "Mwenye friji."

Tulicheka wote, hata Patroni, kwa ile sauti yake ndogo. Athumani aliendelea, lakini kicheko kilikuwa kimeisha machoni mwake. Alisema ngazi za chini lazima ziwe na watu wengi sana ili wa juu wawe wachache. Ukila kapu zima la dagaa hujawa songoro. Akasema tena kitu kingine, akigusa pale pasipo na kitu kwenye kifuniko. "Kinachoingia huku chini hupanda. Kizuri hupanda, na kibaya hupanda. Marehemu baba alikuwa akisema, usiulize samaki ni mkubwa kiasi gani, uliza amekula nini." Nilitikisa kichwa kama mutu aliyeelewa. Sikuwa nimeelewa. Nilikuwa nafikiria namna ya kufunga tomson mbili nilizokuta tumboni siku ile ili maji yasivuje njiani.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi. Lori lilifika asubuhi na songoro nzima kadhaa, kila moja ndefu kama mutoto wa miaka kumi, kwa ajili ya harusi. Nilipasua ya kwanza. Ndani kulikuwa na maganda ya kaa, na chini ya maganda samaki tatu nisizowahi kuona. Zilikuwa za duara, kama ngumi, bila magamba, ngozi inakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Na meno yake. Mawili juu, mawili chini, mapana, kama meno ya mutu. Nilizishika moja moja, na mwili wangu ulikataa. Nasema wazi kwamba mwili ulikataa, na mimi sikuusikiliza, kwa sababu zilikuwa nzima kabisa, kama zilimezwa asubuhi ile. "Ya ndani ni ya kisu," nikasema kwa sauti. Hakuna aliyegeuka. Athumani alikuwa amelala chini ya lori lake, miguu tu inaonekana.

Muchana nilikwenda nyumbani kuzipika. Na hapa ndipo kosa langu lilipo, kosa la mutu wa ziwa. Mutu wa bahari angezipasua, angetoa maini, angetazama. Mimi nilipika kama tunavyopika sambaza, nzima, na kichwa na tumbo, katika mawese, nyanya, kitunguu na pilipili. Nani anapasua sambaza? Harufu ilipanda ikapita kwenye ubao. Nikasikia kiti cha upande wa pili kinasogea.

"Weye. Unapika nini?"

"Samaki ya bahari, Mama."

"Umeiba?"

"Ya kisu, Mama. Ni yangu."

Kivuli chake kikajaza mulango. Mama Kavira alikuwa mwanamuke mupana, na miezi munane hakuwa ameinama kuingia chumbani kwangu. Akachuchumaa, akatazama ndani ya sufuria. "Inanuka vizuri," akasema, kama mutu anayelalamika. Halafu akasema lile neno ambalo nilikuwa nalingojea tangu nilipofika katika muji huu, neno ambalo lingenifanya kuwa mutu wa parseli ile, wa ua ule, na si musichana wa frigo tu.

"Onja."

Ninazeeka sasa na sina sababu ya kujipamba. Sikuonja. Nilikuwa nimekula samaki za matumboni mwaka muzima, koo langu lilikuwa limezikinai, na yale meno yalinitazama kutoka kwenye mawese. Nilichovya kidole, nikagusisha kwenye ulimi na midomo, nikachukua kipande kidogo nikakiweka kinywani, nikageuka kukohoa, nikakitema ndani ya pindo la kitenge. Halafu nikameza mate, kwa nguvu, ili aone koo likipanda na kushuka.

"Umeonja?"

"Nimeonja, Mama."

Alinawa mikono. Alikula mbili na bugali, taratibu, akafyonza mifupa. "Si mubaya," akasema. Ile ya tatu akaigusa kidogo, akaacha. Nilirudi Birere nikiimba. Miaka mingi nimeuza, nimepata, nimejenga, lakini furaha ya njia ile, juu ya mawe meusi, jua likipiga, sijaipata tena. Na niko na aibu nayo.

Nilipofika, ncha ya ulimi wangu ilikuwa imekufa ganzi. Nilidhani ni pilipili. Mukataji mwenzangu alikuwa amepasua songoro nyingine, na juu ya meza kulikuwa na ngumi ya nne, na meno yake ya mutu. Athumani alikuwa anapita na glasi ya chai. Alisimama. Chai ikamwagika kwenye kanzu yake, hakuifuta.

"Nani katoa huyu?"

"Imetoka ndani," nikasema. "Tatu nimepika."

"Umepika." Hakuuliza, alirudia tu. "Bunju. Wallahi, umepika bunju. Nani kala?"

Ulimi wangu ulikuwa muzito. Nilisema, "Mama Kavira," nikamuona anatazama midomo yangu, nikaelewa kwamba haikuwa pilipili.

Nilikimbia. Viatu vya plastiki vilikatika karibu na soko, nikaviacha. Mawe yale yanakata kama chupa, lakini sikumbuki maumivu. Nakumbuka hesabu ya kijinga niliyofanya kichwani, kwamba songoro ile kubwa ilizimeza na ilikuwa na nguvu mpaka wakaivua, basi Mama Kavira naye ni mukubwa, naye ataweza. Nyuma yangu nilisikia kandambili za Athumani. Alikuwa amebeba ile ya nne ndani ya mufuko.

Mama Kavira alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, anacheka. Hilo lilinitisha kuliko kama angekuwa analia, maana sikuwahi kumuona akicheka. "Midomo yangu imelala," akasema, "na vidole pia, angalia," akainua mukono ukaanguka kama kitambaa. Halafu akataka kusimama. Miguu haikumusikiliza. Alianguka upande, na alipofungua kinywa tena kilitoka mate tu na sauti kama ya mutu aliye chini ya maji. Macho yalibaki wazi. Yalinitazama mimi.

Yule jirani wa kuomba moto alipiga kelele. Sitaandika alichosema, wote mnakijua. Kabla Athumani hajamaliza kumulaza kwa ubavu, parseli ilikuwa imejaa, na watu walikuwa wanaingia wakiwa wameshika mawe, wengine bila hata kujua kwamba wameshika. Mbele alisimama Muzee Bonane, shefu wa avenyu yetu, mukubwa wa mutaa, mutu wa koti jeusi hata juani. Nitamusifu kwa jambo moja: aliwazuia kwa mukono ili aulize kwanza.

"Musichana. Umemupa nini?"

"Samaki."

"Ulionja mbele yake?"

"Nilionja."

"Ulimeza?"

Mama Kavira alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, shavu lake kwenye jiwe, macho wazi. "Nilimeza," nikasema. Na ulimi wangu wenye ganzi ulilegeza lile neno, wakaona kama natetemeka kwa uongo. Na kweli ulikuwa uongo.

"Kama ulimeza, kwa nini wewe umesimama?"

Athumani aliingia katikati. "Mzee wangu, ni samaki mwenyewe. Huyu ni bunju. Kwetu kila mtoto anamjua, hata paka hamgusi."

"Samaki inaua mutu?" Watu walicheka, kicheko kibaya. "Katika ziwa letu samaki gani inaua mutu?"

"Huyu si wa ziwa, ni wa bahari. Katoka tumboni mwa samaki mkubwa wa harusi ya leo."

Hapo Muzee Bonane akauliza swali ambalo mpaka leo naona lilikuwa la akili kuliko yote niliyosikia maishani mwangu, na lilikuwa linanipeleka kaburini. "Shofere, sikiliza. Unasema hizi ndogo zilitoka ndani ya kubwa. Kama ndogo ni sumu, kwa nini kubwa haikukufa? Na kama sumu iliingia ndani ya kubwa, kwa nini watu wa harusi hawalii? Ndogo haikumuua aliyeila wa kwanza. Sasa imuue wa pili? Basi sumu imeingia katikati, jikoni."

Watu wakasema, "Eeh!" Jiwe moja lilipita karibu na sikio langu, likagonga bati.

Athumani aliinua mikono yote miwili. Alisema haraka, na Kiswahili chake kilichonyooka kilianza kukatika. Kwamba harusi ni jioni, hakuna aliyekwisha kula, na atakayekula atakula nyama ya mbavuni, si tumbo. Kwamba sumu ya bunju haianzii kwake, inatoka chini, kwa vidudu na konokono anaowala, inapanda, naye anaiweka kwenye ini wala haimdhuru, kama vile mwingine anavyoweka mafuta. Kwamba wa juu yake wako wanaoistahimili na wako wasioiweza. "Songoro kameza kama vidonge, hata tumbo halijaanza kuwasaga. Na songoro ni songoro. Mtu hana ngazi yake kule. Sisi tunaingia tu katikati na kuchukua."

"Maneno," akasema mutu mumoja nyuma.

"Maneno, sawa." Athumani alitoa ile ya nne mufukoni. Watu walipoyaona meno wakarudi nyuma. "Hii haijaingia jikoni. Haijaguswa na binti huyu. Nileteeni kuku."

Kuku alikuwa wa Mama Kavira mwenyewe, mwekundu, anayetaga. Muzee Bonane alimuchagua kwa kidole ili pasiwe na hila. Athumani alipasua bunju juu ya jiwe, akatoa ini, akalikata kama punje, akatupa. Kuku alikula yote, akapangusa mudomo kwenye jiwe, akaangalia kama kuna zaidi. Kisha tukangoja.

Nimeogopa mara nyingi. Nimeona moto ukishuka kutoka mulimani ukila barabara, nimelala chini ya kitanda risasi zikipita juu. Lakini woga ule wa kuku sijauona tena. Kwa sababu nilielewa, kabla ya watu wengine, jambo lilivyopangwa. Kuku akiishi, mimi nakufa. Kuku akikufa, mimi naishi, lakini ina maana kile kilicho ndani yake kiko pia ndani ya Mama Kavira, mara kumi, na yule mwanamuke aliyelala pale macho wazi anakwenda. Nilimutazama kuku akichakura. Kifua cha Mama Kavira kilipanda kidogo, kidogo zaidi. Na moyo wangu, ambao nilidhani ni moyo wa mutu muzuri, ulisema kwa sauti ndani yangu: kufa. Kufa, kuku, kufa. Niliomba hivyo, kwa jina la Bikira Maria niliomba, na macho ya Mama Kavira yalikuwa juu yangu.

Kuku alitembea hatua kadhaa. Akakaa, kama anataka kutaga. Shingo ikashuka polepole mpaka mudomo ukagusa ardhi, bawa moja likafunguka, likabaki hivyo. Hakupiga kelele. Jirani akasema, "Yesu." Mawe yakaanza kuanguka kutoka mikononi mwa watu, moja moja, na kila mutu sasa alimutazama Mama Kavira, si mimi. Nilipona. Nilipiga magoti nikalia, na walidhani namulilia yeye.

Infirmye, muuguzi wa mutaa, alikuja, akashika mukono wake, akasema hana dawa ya kitu ambacho kitabu chake hakikitaji. Athumani alisema hata kwao dawa ni moja, kungoja. "Akiliona jua la kesho, kapona. Msimlaze chali. Mpanguseni mate. Na msemezeni, maana anasikia. Marehemu baba alimwona mtu aliyefunikwa sanda, kumbe anasikia kila kitu." Halafu akakimbia Birere kumuambia Patroni azitupe songoro zote, hata kama harusi itakosa samaki.

Nilisikia neno lile, anasikia. Basi alikuwa amenisikia nikisema nilimeza. Walipotuacha, nilikaa nyuma yake nimekiegemeza kichwa chake kwenye goti langu, nikihesabu pumzi, na nilipochoka kuhesabu niliinama nikamuambia ukweli sikioni. Nilisema, Mama, sikumeza, nilitema. Nilisema, niliomba kuku akufe. Hakuna kilichotikisika usoni mwake. Niliendelea kusema mpaka sauti ikaisha, juu ya Masisi, juu ya uji wenye macho, juu ya nilivyoimba njiani, na pumzi yake ilikuwa nyembamba kama ya mutu anayepuliza uzi kwenye sindano.

Asubuhi jua lilipogusa bati, kidole chake kimoja kilikwaruza goti langu. Kisha mukono. Kisha, kama saa mbili hivi, kinywa kikatafuta maneno, na watu wakasogea wasikie.

"Nani," akasema Mama Kavira, "nani ameua kuku yangu?"

Walicheka mpaka wengine wakalia. Muzee Bonane aligeuka akajifanya anatafuta kofia. Mimi sikucheka. Nilingoja siku tatu, mpaka alipoweza kukaa na kushika kikombe mwenyewe, na tulipobaki wawili nikasema, "Mama, ulinisikia."

"Nilisikia yote. Nilikuwa ndani kama mutu aliyefungiwa nyumba."

"Basi unajua sikumeza."

Alikunywa uji. "Kama ungemeza," akasema, "nani angekimbia kumuleta ule shofere?" Halafu akanitazama kwa yale macho. "Lakini kuku uliiombea kufa vizuri. Nilikuona midomo. Nami nilikuwa naiombea iishi. Mungu alisikiliza wewe. Sijui kwa nini." Hakutabasamu. Alifungua mukufu shingoni, akatoa ufunguo wa jiko, akautupa kwenye mukeka kati yetu. "Utapika mule ndani. Uchafu wako wa kule nyuma sitaki kuunusa tena." Tangu siku ile mpaka wiki iliyopita, miaka karibu arobaini, tulikula sufuria moja, na kila siku alisema, "Onja," na kila siku nilionja.

Kwa Patroni desturi ya kisu iliisha asubuhi ileile. Matumbo yote yakamwagwa shimoni na chokaa juu yake, na mimi nikabaki bila nyama. Mwisho wa mwaka niliacha kazi, nikaweka meza mbele ya parseli ya Mama Kavira nikauza tomson, nikiipasua mwenyewe mbele ya mununuzi ili aone imekula nini. Watu walinicheka. Wakazoea. Leo watu wa Katoyi hawanunui samaki ambayo haijafunguliwa mbele ya macho yao, na wanafikiri ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Hivi ndivyo vitu vyangu leo. Vyumba vya baridi viwili, kimoja Birere, kimoja Katoyi. Cha tatu lava ilikichukua na sikukijenga tena. Jenereta moja nzuri na moja ya kukohoa. Nyumba ya mbao ya vyumba vinne, na nyumba ya matofali ambayo haijapigwa plasta. Shamba la viazi njia ya Kibati, ambalo siendi tena kwa sababu ya vita. Wasichana sita wenye visu, wote wanajua kusoma. Kuku kumi na wawili. Ufunguo wa jiko la Mama Kavira, ambao watoto wake hawajaniuliza. Na paspoti moja, niliyoitafuta ili niende Mombasa kuona bahari kwa macho yangu mbele ya kufa. Iko sandukuni, mwaka wa nne sasa, haina muhuri hata mumoja.